Kidonge, lutuku na ngumi: namna nilivyojipanga Katuba

Miaka mingi nilipika lutuku, pombe kali ya kienyeji, nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Lutuku ndiyo iliyolipa shule ya watoto, ndiyo iliyonunua unga wa bukari (ugali), na ndiyo iliyojaza wanaume uani kwangu kila jioni, bwana yangu akiwa kati yao. Nilipopimwa nikakutwa na virusi vya SIDA, yaani UKIMWI (VVU), kituo cha afya kilinianzishia ile dawa ya kidonge kimoja kwa siku, yenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri ndani yake. Wakaniambia nimeze saa mbili usiku. Sasa, saa mbili usiku kwangu wateja walikuwa wamejaa, mimi mwenyewe nimeshaonja vya kutosha, na bwana yangu ameanza kutafuta sababu ya ugomvi.

Kuonja ni sehemu ya kazi, asiyepika hajui. Unga wa mahindi na wa muhogo unauacha uchache siku kadhaa, unauchemsha kwenye pipa lililozibwa, mvuke unapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya maji baridi, kisha lutuku inaanza kudondoka. Ile ya kwanza kabisa ni kali mno, ukiimwagia makaa inashika moto. Ndiyo yenye sumu zaidi, na wapo wanaoiuza hivyo hivyo. Zinazofuata unazionja ili ujue umefika wapi. Jioni mteja anataka uanze kunywa wewe ndipo naye ashike kikombe. Ukipika hivyo mwaka mzima, mwili unazoea, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kidogo.

Kati yetu wanawake kulikuwa na neno moja lililotuua: kwamba dawa na pombe havikutani tumboni. Kwa hiyo siku niliyokunywa, kidonge nilikiacha. Siku niliyopigwa, nilikimbilia kwa jirani na kopo la dawa likabaki nyumbani. Siku nyingine nilikuwa mzima, lakini bwana alikaa karibu na kabati, na vidonge vinalia ndani ya kopo ukiligusa tu. Nilitia pamba humo ndani visitoe sauti. Vipimo viliporudi vikionyesha virusi vimeongezeka, nilifundishwa upya faida ya dawa. Somo lilikuwa la kweli kabisa. Nikarudi nalo nyumbani kwenye saa mbili ile ile.

Kilichonitoa hapo ni muuguzi mmoja aliyefunga mlango, akavuta kiti, akaniuliza polepole: «Mama, bwana anakupigaka?» Halafu, kabla sijamaliza kulia: «Na pombe, unakunywaka kiasi gani?» Maswali hayo mawili hakuna aliyewahi kuniuliza kwa pamoja. Naamini kila mwanamke anayekosa dawa anastahili kuulizwa hivyo, akiwa peke yake, pasipo shemeji wala mama mkwe mlangoni.

Tulianza na saa. Kidonge hicho kinamezwa saa yoyote ili mradi iwe ile ile kila siku, pamoja na chakula au bila chakula. Tukakihamishia asubuhi, bwana akiwa amelala, nami nawasha moto wa chai. Akaniambia pia, na hili nalirudia kwa kila mwenzangu: hata kama umekunywa, meza dawa. Pombe inaumiza ini na inakusahaulisha, lakini kuacha kidonge ndiko kunakovipa virusi nafasi. Nikapewa kopo la pili nikaliweke kwa yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, anayekaa komine ya Kenya hapa hapa mjini, ili nikikimbia usiku dawa iwe imeshanitangulia. Kwa yaya huyo huyo nilipeleka kadi yangu ya uchaguzi, vyeti vya watoto na nguo chache.

Kuhusu pombe, alinikataza kuikata ghafla. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha mara moja anaweza kutokwa jasho, kuona vitu visivyokuwepo, hata kuanguka kifafa na kufa. Nilipunguza kidogo kidogo huku nikirudi kituoni, nikapewa vitamini B1. Ilikuwa ngumu. Usingizi ulinitoroka, na harufu ya pipa ilinivuta kila nilipopita.

Ndipo nilipoona kwamba siwezi kuacha kunywa huku napika. Nikageukia munkoyo. Mahindi ni yale yale, moto ule ule, mama wale wale wa sokoni. Unapika uji mwepesi, unauacha upoe, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa, na kesho yake una kinywaji kitamu ambacho hata mtoto anakunywa. Lazima uuze haraka, maana ukikaa sana unageuka pombe. Faida yake ni ndogo kuliko ya lutuku, sisemi uongo. Miezi ya mwanzo tulikula mara moja kwa siku, na bila likelemba, yaani mchango wa kupeana hela kwa zamu, ya kina mama wa barabara yetu ningerudi kwenye pipa.

Bwana alijua hali yangu mchana, akiwa hajanywa, mbele ya yaya na baba yake mdogo. Muuguzi hakunilazimisha kumwambia. Alinisaidia kuchagua nani awepo. Jibu la bwana lilikuwa: «Ni weye njo ulileta hii bugonjwa mu nyumba.» Baba mdogo akamnyamazisha. Bwana alipopimwa, naye akakutwa na virusi. Nani alianza, hakuna kipimo kinachoweza kusema.

Watu wengi husema lutuku ndiyo iliyokuwa inanipiga. Nakataa. Kuna wanaume walikunywa uani kwangu wakarudi kwao wakalala. Na bwana yangu, wiki alizokosa hela ya kunywa, alinipiga akiwa na akili zake zote. Pombe iliongeza uzito wa mkono, lakini mkono alikuwa nao tangu zamani. Kwa hiyo hata nilipoacha kupika, ngumi hazikukoma, nami nikahamia kwa yaya na watoto. Kopo lilikuwa tayari pale, sikukosa hata kidonge cha kesho yake.

Binti yangu anasomea uuguzi. Aliniambia kwamba miaka ya 1990 mwanaanthropolojia wa Marekani, Merrill Singer, alichunguza mitaa masikini ya Hartford akaona ulevi wa pombe na dawa za kulevya, jeuri na SIDA vinakaa nyumba moja, kila kimoja kikinenepesha kingine. Shirika la Afya Duniani nalo liliandika mwaka 2013 kwamba katika baadhi ya maeneo mwanamke anayepigwa na mwenzi wake yuko katika hatari ya kupata VVU mara 1.5 kuliko asiyepigwa. Sikushangaa. Mwanamke anayeogopa kofi atasemaje habari ya kondomu?

Mambo hayo nimeyaona kwa msichana wa jirani, aliyekuwa anamiminia wateja kwenye uwanja mwingine. Mteja mlevi alimbaka. Mama yake alitaka kwanza wazee wakae, waongee mambo ya fidia. Nilimshika mkono nikamwambia hospitali kwanza, wazee na polisi baadaye, kwa sababu dawa ya kuzuia VVU lazima ianze kabla saa 72 hazijapita, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyokinga. Alianza siku ile ile, akapewa na ya kuzuia mimba, na siku zote 28 alimezea dawa kwangu, mbele ya macho yangu. Vipimo vilivyofuata vilitoka safi. Ubakaji una sheria yake nchini kwetu tangu mwaka 2006, na makubaliano ya wazee hayaifuti.

Leo virusi vyangu havionekani tena kwenye kipimo, maana yake simwambukizi mtu kwa njia ya tendo la ndoa. Bwana anakuja kuona watoto mchana, yaya akiwepo. Amekubali dawa, ila lutuku bado.

Katika likelemba yetu tumeweka utaratibu: zamu ya kwanza anapewa mama anayetaka kuacha pipa. Zamu hii imemwangukia mwenzetu mwenye watoto wadogo, naye anasita kati ya munkoyo na kuuza makaa. Wateja wa lutuku wanamdai chupa walizolipia mapema, kwa hiyo tunakusanya franga za kuwarudishia kabla ya mwisho wa mwezi.