Siku moja maishani mwangu: naitwa "yule wa kutoa damu"

Saa 12:30 asubuhi nishavaa koti. Wengi hudhani kazi ya maabara ni kuchoma sindano tu. Kabla mgonjwa wa kwanza hajafika nimetoa vitendanishi (dawa za kupimia) kwenye friji na kupima kontroli, yaani sampuli ambazo kiwango chake tunakijua. Zikikataa, hakuna jibu la mtu linalotoka.

Saa 1 hadi saa 3: funga mpira, tafuta mshipa, jaza chupa, anayefuata.

Saa 3:30, mama kaja kupima lehemu, yaani kolesteroli. Anaapa hajala. Nazungusha damu yake kwenye mashine. Majimaji ya juu, ambayo hutakiwa kuwa ya njano na kupitisha mwanga, yametoka meupe. "Chai ya maziwa tu, na chapati moja." Hiyo "moja" sikuiamini. Sisi LDL, ile lehemu mbaya, tunaipata kwa hesabu kutokana na vipimo vingine, na mafuta ya chakula yakijaa kwenye damu hesabu inaharibika. Arudi kesho. Kanuna.

Saa 5, mzee mwembamba kagonga dirisha na karatasi yake. Lehemu yote 7.4, wakati tunataka isizidi 5.2.

"Binti, mmechanganya damu. Mimi na wembamba huu?"

"Shikamoo baba. Jina ni lako, na namba ni yako."

Hakuondoka. Foleni ikarefuka, mtoto akalia, simu ya wodini ikaita. Nikairudia sampuli yake ileile: 7.3. Nikamwambia lehemu nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, na wengine wamerithi tu. Unene pekee si kigezo.

"Mbona sisikii chochote? Mshipa ukiziba si ningejua?"

Kufafanua majibu ni kazi ya daktari, lakini hapo uvumilivu uliniisha. Baba, mshipa si bomba. Una ngozi laini ndani, na ngozi hiyo hutoa hewa iitwayo naitriki oksaidi, inayouamuru mshipa ulegee na kutanuka unapopanda ngazi. LDL ikizidi, hewa hiyo hupungua, mshipa ukabaki umekaza wakati moyo unadai damu zaidi. Halafu LDL hupenya ukutani, chembe za kinga huimeza mpaka zinavimba mafuta, na uvimbe hukua humo miaka na miaka. Huo ukipasuka, damu huganda juu yake. Ndipo watu husema fulani kaanguka ghafla.

Kimya. "Basi niache mayai?"

"Nenda kwa daktari, baba."

Baada ya hapo saa sikuiangalia tena. Umeme ulikatika, ukarudi, kontroli upya. Miguu imevimba, chai imepoa mezani, wodini wanauliza majibu ya tangu asubuhi.

Nafunga jalada, mzee huyo tena dirishani, safari hii na pakiti ya vidonge.

"Daktari kasema nimeze kila usiku. Hii ni ya mshipa?"

"Inafanya kazi kwenye ini, baba."

"Ini tena?"