Barabara ya Sokoine kwa Miguu

Treni ya SGR ilitushusha Dar es Salaam jua halijawa kali, nikawapita bodaboda wote waliokuwa wakiniita. Nilitaka kuitembea Barabara ya Sokoine, kutoka upande wa reli hadi Kivukoni.

Kwa sisi tunaotoka Morogoro jina hilo ni zito. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifia kwetu, Dakawa, kwa ajali ya gari, Aprili 12, 1984, akitoka Dodoma kuja Dar. Yeye hakufika, jina lake ndilo lililofika.

Stesheni ya zamani ni ya enzi ya Reli ya Kati. Wajerumani waliianza mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, mwaka uleule vita vilipoanza. Hawakuifaidi sana.

Mbele kidogo, mabasi ya mwendokasi yakipishana, kuna Boma la Kale, na hapo ndipo asubuhi yangu iliishia. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alilijenga miaka ya 1860, alipoamua kuanzisha mji mpya jirani na kijiji cha Mzizima. Lilikuwa la kulaza wageni wake; ikulu yenyewe ilikuwa karibu. Majid akafariki 1870, ndugu yake Barghash akaupa mji huo mgongo. Leo ikulu haipo hata jiwe, nyumba ya wageni ndiyo iliyosimama. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba ukivuka mlango wa kuchongwa joto na honi vinabaki nje. Tazama dari: boriti ni za mikoko, na kwa kuwa mti wa mkoko hautoi nguzo ndefu, vyumba vimekuwa vyembamba na virefu. Msitu ndio uliompimia fundi upana wa chumba. Mimi jengo hili nalipenda kuliko yote ya barabara hii, pamoja na ufupi wake mbele ya minara ya vioo.

Wajerumani walipoyahamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walifuata bandari: ya Bagamoyo ina kina kifupi, ya Dar meli inaingia hadi ndani. Wakajenga kwa namna ya kwao. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, la Wakatoliki, lilijengwa kati ya 1897 na 1902, mtindo wa Kigothi, na mnara uliochongoka unaotazama geti la boti za Zanzibar. Ndani kuna vioo vya rangi nyuma ya altare. Nje kuna wapiga debe wa tiketi, wala hawakuachi usali.

Azania Front, la Walutheri, ni la miaka hiyohiyo. Lina vigae vyekundu, na juu ya madirisha wameweka vipaa vidogo vya kukinga jua. Hapo naona Wajerumani walikuwa wameanza kuielewa pwani. Tatizo ni kwamba kutoka barabarani unaliona vipande vipande, miti na magari vikiziba. Nikaenda Kivukoni, nikapanda pantoni ya Kigamboni. Kutoka majini mnara wake unaonekana wote, na hilo halishangazi: mji huu ulijengwa uonwe na wanaokuja kwa meli.