Vidonge vya vitamini baada ya kupunguza tumbo: nilivyomalizana na kichefuchefu

Kabla ya operesheni wanakuandaa kwa njaa, kwa maumivu na kwa maneno ya majirani. Vidonge wanavitaja siku ya kuruhusiwa, ukiwa umeshika bahasha yako ya dawa. "Hivi ni vya maisha, sawa dada?" Nikasema sawa. Mtu niliyekuwa namaliza sinia ya pilau na kuulizia ukoko, nani angeniambia kwamba kidonge cha vitamini kitanitoa jasho?

Mimi nilifanyiwa ile ya kukata tumbo la chakula lenyewe. Karibu asilimia 80 huondolewa, kinabaki kimrija chembamba. Operesheni nilifanyia Dar, naishi Tanga. Wiki za mwanzo kikombe cha kahawa, vile vidogo vya barazani, kikijaa maji kilinitosha kabisa, na nikikigugumia kwa mkupuo kifua kilibana. Humo humo iingie multivitamini, chuma, kalsiamu mara tatu kwa siku, vitamini D na B1. Na huwezi kusema utaviacha, maana kilichokatwa si ukubwa wa tumbo peke yake. Tumbo ndilo linalotoa asidi inayosaidia chuma kuingia mwilini, na ndilo linalotengeneza protini ambayo bila hiyo B12 haifyonzwi vizuri. Juu yake nilikuwa nameza omeprazo ya kuzuia kiungulia, nayo inapunguza asidi zaidi.

Kichefuchefu kilikuwa na saa yake. Nilikuwa nameza baada ya sala ya alfajiri, tumbo tupu, nikiamini nimalize kazi mapema. Haupiti muda mate yanajaa mdomoni, shingo inalowa jasho jembamba, nakaa barazani nimeinamia sakafu nikisubiri kipite. Siku nyingine kidonge kilirudi kizima kizima. Mama mkwe akaniona, akaniita jikoni.

"Mwanangu, wewe una kitu tumboni."

"Hapana mama, ni dawa hizi."

"Haya. Sisi sote tulisema ni malaria."

Hakukosea sana kudhani ni mimba. Mwanamke akipungua kwa kasi, hedhi iliyokuwa ikipotea hurudi, na mimba inaweza kuingia kirahisi kuliko zamani. Madaktari wanashauri kusubiri miezi 12 hadi 18 baada ya operesheni ndipo ubebe. Kwa hiyo kabla sijavilaumu vidonge nilipima mkojo, ukatoka mstari mmoja. Wewe uliye na mume nyumbani, anzia hapo.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuacha kusema "vidonge vinanichefua" kwa jumla. Kwa daktari kauli hiyo haina pa kushika. Kwa ruhusa yake nilisimamisha vyote kwa muda mfupi isipokuwa B1, kisha nikawa narudisha kimoja kimoja, naandika kwenye daftari: nimemeza nini, saa ngapi, nilikula nini kabla, nini kilifuata. Ukweli ukatoka wenyewe. Vitamini D haikuwa na neno. Kalsiamu ilinijaza gesi tu. Mchokozi mkubwa alikuwa chuma, akifuatiwa na multivitamini kwa sababu ya zinki iliyomo, na wote wawili walikuwa wabaya zaidi wakikuta tumbo tupu.

Unaweza kudhani basi dawa ni kumeza baada ya kula. Jaribu, uone. Sisi tunakatazwa kunywa maji pamoja na chakula, tunasubiri kama nusu saa baada ya kula, kwa kuwa maji juu ya chakula yanafurisha kile kimrija na unatapika vilevile. Kidonge kikubwa nacho hakishuki bila maji. Ukitanguliza kidonge, kichefuchefu. Ukitanguliza chakula, maji huna pa kuyaweka. Nilimpigia mtaalamu wa lishe nikamweleza hivyo hivyo. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi usikimeze. Kitafune."

Akimaanisha multivitamini ya kutafuna, siyo zile laini za jeli zenye ladha ya matunda. Za jeli nilizitamani sana, lakini ukisoma maandishi ya nyuma ya chupa, nyingi hazina B1 wala baadhi ya madini tunayoyahitaji. Ya kutafuna ilipoisha dukani nilimpelekea mfamasia chupa yangu aangalie kama vidonge vyake vinaruhusiwa kusagwa, kwa sababu vipo vilivyofunikwa makusudi, au vya kuachia dawa taratibu, ambavyo havivunjwi. Vyangu viliruhusiwa. Nikawa nakikata kidonge kwa kisu juu ya kibao, nusu naisaga kwa mgongo wa kijiko, naichanganya na mtindi mzito usio na sukari na kuila katikati ya chakula cha mchana. Nusu ya pili inasubiri chakula cha jioni. Multivitamini yangu haina chuma ndani, kwa hiyo maziwa hayakuwa na ubaya.

Kilichobaki ni harufu. Ile chupa ukiifungua inanukia sarafu zilizokaa kwenye kiganja chenye jasho, na pua yangu tangu operesheni imekuwa kali, nanusa hata kitunguu cha jirani. Nilikuwa nachefuka kabla hata sijagusa kidonge. Nikanunua kijisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku saba, chupa zikahamia kabatini, na kazi ya kukijaza akapewa baba watoto. Anakijaza kila Ijumaa akitoka msikitini, kwa makini kuliko mfamasia mwenyewe, na ole wako umwambie amekosea.

Chuma ndicho kilichochukua muda mrefu. Nilianza na vile vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito kliniki, feri salfeti ya miligramu 200, ambamo chuma chenyewe ni kama miligramu 65. Mwanamke anayepata hedhi, baada ya operesheni ya aina yangu, anashauriwa miligramu 45 hadi 60 kwa siku. Kwa hiyo kiasi hakikuwa cha kutisha, ila tumbo langu halikupatana na aina ile. Daktari akanibadilishia aina nyingine iliyo laini zaidi kwa tumbo, tukaanza kidogo kidogo na kupandisha. Akanihamishia usiku pia. Nameza muda fulani baada ya chakula, karibu na kulala, pamoja na pande chache za chungwa la Muheza, kwani vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa. Kichefuchefu kikija, kinanikuta usingizini.

Adui aliyebaki ni chai. Kwetu chai inafuata kila kitu: mgeni akiingia chai, mvua ikinyesha chai, na majani ya chai yanazuia chuma kuingia mwilini. Ya maziwa ndiyo kabisa, maana kalsiamu nayo inagombania njia na chuma. Nikajiwekea kwamba baada ya magharibi sinywi chai ya majani. Nikitaka kitu cha moto, tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa peke yake, naipiga funda ndogo ndogo. Hiyo pia ndiyo niliyoitegemea asubuhi ambazo tumbo lilikuwa halijatulia. Na ukishaanza chuma, choo kitakuwa cheusi, usikimbie. Kikiwa cheusi cha kunata, chenye harufu kali isiyo ya kawaida, na kichwa kinazunguka, hapo nenda hospitali.

Kalsiamu ilikuwa suala la ratiba. Tunatakiwa miligramu 1200 hadi 1500 kwa siku, lakini si zaidi ya 500 au 600 kwa mara moja, na ipishane na chuma kwa angalau saa mbili. Maduka niliyoingia hapa mjini yalikuwa na kalsiamu kaboneti, inayohitaji asidi ya tumbo ili ifanye kazi vizuri. Kwa tumbo lililokatwa, aina ya kalsiamu sitreti ni bora. Wifi yangu alinitumia kwa basi kutoka Dar, na gesi zikapungua kabisa. Naimeza kwa kufuata sala: baada ya alfajiri, adhuhuri na alasiri. Isha inabaki ya chuma. Hakuna kengele ya simu itakayonikumbusha kama adhana. B12 niliiondoa kwenye hesabu ya vidonge, nachomwa sindano ya mikrogramu 1000 kila mwezi, sista ananichoma huku ananiuliza suruali zangu za zamani nampa nani.

B1 ndiyo sikukubali iguswe hata siku moja, na hapa naomba mtu asinisome kwa haraka. Akiba ya B1 mwilini ni ya wiki chache tu. Ukitapika mfululizo inaisha, na ikiisha inagusa mishipa ya fahamu na ubongo: miguu inakufa ganzi, unayumba, unaona kitu kimoja viwili, unachanganyikiwa. Kama hata maji hayakai tumboni, hilo si la tangawizi wala la kubadilisha saa ya vidonge. Ni la hospitali siku hiyo hiyo. Ukifika, waambie mapema kwamba umefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, maana mgonjwa mwenye upungufu wa B1 hatakiwi kuwekewa dripu ya sukari kabla ya kupewa B1. Si kila anayekupokea zamu ya usiku atalikumbuka hilo, na kwa nje hauonekani kama umeshonwa popote.

Vipimo vya damu nilifanya kwenye mwezi wa tatu, wa sita na mwaka ulipotimia. Sasa ni kila mwaka. Vinagharimu, lakini ndivyo vinavyomwambia daktari kama apunguze au aongeze, badala ya kukisia.

Ramadhani ya kwanza daktari alinikataza kufunga, nikaja kulipa baadaye. Iliyofuata alikubali tukishapanga vidonge. Nafuturu kwa mafunda ya maji na supu, nusu ya multivitamini inaingia humo humo kwenye chakula. Kalsiamu baada ya isha, chuma na chungwa usiku wa manane, kalsiamu nyingine kwenye daku. Zile saa mbili za kupisha ndizo zilizonisumbua kuliko njaa, kwa sababu kati ya tarawehe na daku mtu anataka kulala. Kalsiamu ya tatu daktari aliniruhusu niiache kwa mwezi ule, nikala dagaa na mtindi zaidi, na siku nilizoamka daku na kichefuchefu nilikula mchana bila kubishana na mtu.