Rota kwanza, ada baadaye: nilivyosoma hadi uzamili wa ukunga nikiwa kazini Malindi

Wauguzi wenzangu wakisikia nimemaliza uzamili, huuliza ada kwanza. Nami huwarudishia swali: rota yenu ya zamu ikoje, na anayeipanga ni nani? Pesa hukopeka. Sacco ipo, na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, huwakopesha hata walio kazini na wanaosoma uzamili. Zamu haina benki. Ina mwenzako tu, akubali kukushikia, na deni lake atakuja kulidai Idi au Krismasi, siku ambayo nawe ungependa kuwa nyumbani.

Mimi ni mkunga. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, nilipata C ya kawaida, na chuo kikuu cha moja kwa moja hutaka C+, kwa hiyo nikaingia KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, kusomea stashahada ya uuguzi wa afya ya jamii, ile tunayoiita KRCHN. Kazi ya kwanza niliipata zahanati moja kisiwani Pate. Wajuao upande ule wanaelewa: mama akikwama kujifungua usiku, unatafuta mwenye boti, unatafuta petroli, kisha unauliza habari za maji, kwa sababu mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki vizuri yakiwa yamekupwa. Ndipo muanze safari ya Amu, yaani mji wa Lamu. Huko ndiko nilikoamua kwamba nikisoma tena, nitasoma ukunga.

Lakini muuguzi aliye peke yake zahanati hawezi kusoma. Akiondoka, mlango unafungwa. Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza ya masomo haikuwa chuo, ilikuwa kupata kituo chenye wauguzi wengi. Na hapo pana jambo ambalo wengi hulisahau: tangu huduma za afya zigatuliwe kwa kaunti mwaka 2013, Lamu, yenye Pate, na Kilifi, yenye Malindi, ni waajiri wawili tofauti. Sikungoja uhamisho. Nafasi zilipotangazwa Kilifi niliomba kama mtu mgeni, nikahojiwa, nikaangukia wodi ya wazazi Malindi.

Nikakuta wodini kila mtu ana ushauri wake. Metroni wetu, Mungu amzidishie, alitaka niende KMTC nikachukue stashahada ya juu ya ukunga. "Mwanangu, mikono ndiyo inayookoa mama, si kofia ya mahafali." Hakukosea. Stashahada ya juu, iwe ya ukunga, figo, wagonjwa mahututi au macho, hukufanya hodari wa kazi haraka kuliko shahada yoyote. Ila ukitaka kwenda uzamili, vyuo vikuu vyetu huuliza shahada ya kwanza ya uuguzi. Na katika utumishi wa umma, muuguzi wa stashahada huanza kundi la kazi H, wa shahada huanza K. Pengo hilo la mshahara ni la kila mwezi. Nilimwambia, "Nimekusikia mama, lakini nina watoto wawili." Akacheka, na barua ya kuniunga mkono akaniandikia vilevile.

Kuna waliokuwa wakinitumia matangazo ya Marekani: kutoka stashahada moja kwa moja hadi uzamili, tena kwa mtandao. Kule njia hiyo ipo. Muuguzi mwenye leseni huweza kuunganisha shahada na uzamili katika programu moja, akaendelea hadi udaktari wa utendaji wanaouita DNP, na anayetaka kuwa muuguzi wa kutibu na kuandika dawa lazima awe na uzamili au huo udaktari, kisha afaulu mtihani wa kitaifa. Ni mfumo wao, umejengwa tangu programu ya kwanza ya wauguzi wa kutibu ilipoanza Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 1965. Hapa kwetu ngazi hupandwa moja moja. Mfumo wa kitaifa wa sifa unaweka stashahada kiwango cha 6, shahada cha 7, uzamili cha 9 na uzamivu cha 10. Kabla ya kulipia programu yoyote, ya nyumbani au ya nje, nenda kaulize Baraza la Wauguzi kama inatambuliwa. Usimuulize wakala anayeiuza.

Shahada yenyewe sitaisimulia sana. Niliifanya kwa mpango wa wauguzi walio kazini, katika chuo kimoja Mombasa. Aliyekwisha kuwa na stashahada hupunguziwa muda, hasomi miaka 4 kama aliyetoka shule. Nilikuwa naomba zamu za usiku mfululizo, nikitoka asubuhi naingia matatu, nalala hadi Mtwapa, naamka naosha uso. Rota tuliipanga mwanzo wa muhula, si wiki kwa wiki. Nilichukua ratiba ya chuo nzima, nikaiweka mezani kwa inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, pamoja na majina ya watu waliokwisha kukubali kubadilishana nami. Inchaji hapendi kuletewa tatizo akalitatue yeye. Akiletewa rota iliyokwisha kamilika, atatia saini.

Uzamili ndio ulionipa kazi ngumu. Vyuo vingi hudai shahada ya daraja la pili la juu, au daraja la pili la chini pamoja na uzoefu wa kazi, na leseni ya Baraza ambayo haijaisha. Kisha ni kuchagua tawi. Chuo Kikuu cha Nairobi kina matawi kadhaa, Moi kule Eldoret wanajulikana kwa afya ya uzazi na watoto wachanga. Wengi wa kundi langu walikimbilia uongozi wa huduma za afya, kwa hoja kwamba humalizika upesi na hukupeleka ofisini. Sisemi ni vibaya. Lakini naona tunajaza ofisi na kuiacha leba mikononi mwa walioajiriwa jana.

Masomo ya darasani yalinitaka nikae mbali na Malindi, na hapo zamu za kubadilishana hazitoshi. Unahitaji likizo ya masomo. Ombi lilianzia kwa inchaji, likapita kwa metroni, likaishia kwa kamati ya mafunzo Kilifi, na kamati hazikutani kila wiki. Niliomba kabla hata chuo hakijanijibu, nikaongeza barua ya kukubaliwa baadaye. Mshahara ukiendelea ukiwa masomoni, unatia saini mkataba wa kurudi kumtumikia mwajiri kwa muda fulani. Usome. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na husoma kila kitu hadi maandishi madogo ya chupa ya dawa, ndiye aliyenionyesha kifungu cha kurudisha gharama ukiondoka mapema.

Tasnifu niliitoa wodini. Kila mkunga anaijua siri ya patografu: karatasi ya kufuatilia uchungu wa kuzaa mara nyingi hujazwa mtoto akiwa amekwisha kulia. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya wa kuichukua nafasi yake. Uchungu wenyewe sasa huhesabiwa kuanzia njia ikifunguka sentimita 5, si 4, na mkunga anatakiwa aandike pia kama mama ana mtu wa kumshika mkono, kama amekunywa kitu, amelala au anatembea. Nikataka kujua wakunga wanaionaje karatasi hiyo, na kinachowazuia kuijaza kwa wakati.

Msimamizi wangu alinisimamisha palepale. Utawahoji wenzako mwenyewe? Nani atakwambia kweli, na wewe kesho mnapokezana zamu? Akanitaka nitumie vituo nisivyofanya kazi, na wahojaji wasiojulikana. Nikawapata vijana wawili waliohitimu KMTC, wanaongoja ajira, nikawafundisha hojaji, nikawalipa nauli na posho. Vibali navyo vilikuja kwa foleni: kamati ya maadili ya chuo, leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti, barua ya idara ya afya ya kaunti, kisha ruhusa ya kila kituo. Huwezi kugusa hojaji moja kabla havijatimia. Miezi ile ya kungoja niliitumia kujifunza takwimu, na mara mojamoja nikaenda kusikiliza mihadhara ya watafiti Kilifi, ambako KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wafadhili wa Uingereza Wellcome wamekuwa tangu 1989. Anayeona utafiti unampenda kuliko wodi, kule kuna stashahada ya uzamili ya mbinu za utafiti wa afya inayotolewa pamoja na Chuo Kikuu cha Pwani. Ni mlango mwingine kabisa.

Nilichokikuta kwenye mahojiano hakikuhusu ujuzi. Wakunga walijua kujaza. Mtu mmoja akiwa na akina mama kadhaa kwa wakati mmoja, mikono huenda kwa mama, kalamu hungoja. Nilipoitetea tasnifu, mmoja wa watahini aliniuliza kwa nini basi nisipendekeze mafunzo. Nikamwambia mafunzo hayaongezi mtu wa pili usiku. Akaandika kitu, sijui nini, nikapita na masahihisho madogo.

Bado niko leba. Cheo kipya hakikuja chenyewe. Niliomba kubadilishiwa, na faili bado linatembea. Ila sasa wanafunzi wa KMTC wakija mazoezini hupangwa kwangu, na kamati ya hospitali inayochambua vifo vya akina mama imeniingiza. Wawili wa wodi yetu wanaomba chuo mwaka huu. Nimewaambia waagize matokeo rasmi ya stashahada mapema, wahuishe leseni kabla ya Desemba, na mmoja wao akubali kuanza mwaka mmoja baada ya mwenzake, kwa sababu wakiondoka pamoja rota haitasimama.