Mzee Popi bado anatoka, tena kila siku

Popi sasa hivi ana miaka 11, nusu Jamani shepadi nusu hawa mbwa wetu wa kawaida, na kila mgeni akija hapa Tegeta lazima aseme huyo mzee si mumuache apumzike jamani. Kumuacha alale bandani kutwa ndo kummaliza! Misuli ya nyuma inaisha, ikishaisha nyonga ndo zinateseka, mwisho hawezi hata kunyanyuka kwenda kukojoa.

Ila kumtoa kwenyewe kuna namna yake. Sisi tunatoka alfajiri na jioni, kidogo kidogo, siyo anakaa wiki nzima halafu Jumapili unaenda kumkimbiza bichi. Joto la Dar la mwezi wa pili unalijua, mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anapoa hasa kwa kuhema, na mzee anachoka haraka. Lami ya saa nane mchana hebu bandika kiganja chako hapo, ukishindwa kuvumilia na yeye nyayo zitamuungua.

Bichi tunaenda maji yakiwa yametoka, maana ule mchanga uliolowa ni mgumu anatembea vizuri, huku juu kwenye mkavu miguu inazama anajivuta. Akitaka kuingia majini namuacha yamfike kifuani, yanambebea uzito. Mpira sirushi tena, ile kukimbia afu afunge breki ageuke ghafla ndo inaua magoti. Badala yake namfichia dagaa uwanjani, nyuma ya ndoo, chini ya majani, anazunguka ananusa mpaka basi, na akimaliza analala fofofo.

Tukiwa njiani nasikiliza kucha. Za nyuma zikianza kukwaruza lami, krr, krr, ujue miguu hainyanyuki tena, tunageuza hapohapo hata kama yeye bado anavuta mnyororo (na atavuta, ana kiburi huyu). Kesho yake asubuhi namuangalia anavyoamka, akiinuka kwa shida sana basi siku hiyo tunaishia getini. Ndani nimetandika vipande vya zulia kuukuu juu ya tailizi maana alikuwa anateleza miguu inaachana.

Halafu akinyong'onyea ghafla tu usikimbilie kusema uzee. Mpekue kupe masikioni na katikati ya vidole, angalia fizi kama zimepauka, homa ya kupe nayo inauma viungo na inamlegeza mbwa hivyohivyo, na hiyo inatibika.

Kingine, zile dawa za maumivu za watu, diklofenaki na ibuprofen, usimpe hata robo, zinatoboa tumbo na kuharibu figo. Daktari wa mifugo ana dawa zake na anapima uzito kwanza. Uzito wenyewe sasa, kuna mtu humu ndani anamtupia ugali chini ya meza kila usiku anadhani simuoni.