Kumuuguza nyumbani mgonjwa asiyepona

Daktari akisema "mrudisheni nyumbani", wengi huku kwetu Lindi na Mtwara huelewa kwamba dawa zimekwisha. Zilizokwisha ni za kuponya. Za maumivu, choo na vidonda ndiyo kwanza zinahitajika. Kabla hamjatoka hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao, ulizeni habari za tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona: mofini, dawa ya maumivu makali, inatolewa na nani, na chupa ikiisha mrudi kwa nani.

Safari ya Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara mjini. Ina faida kama mgonjwa anakwenda kupigwa mionzi ya kutuliza maumivu ya mfupa, au ya kukausha damu ya saratani ya shingo ya kizazi. Kumpakia mtu basi kwa sababu tu ndugu wanataka ionekane wamejitahidi ni kumtesa.

Mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4, mgonjwa alie asilie. Ratiba iliyozoeleka ni saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Ya mwisho mara nyingi daktari huagiza iwe maradufu ili mgonjwa alale hadi alfajiri. Ukingoja apige kelele, dozi ileile haitoshi tena, maana maumivu yakishapanda hushuka kwa taabu. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa sababu vijiko vya chai havilingani. Soma pia maandishi ya chupa, kwani nguvu ya dawa hutofautiana. Maumivu yakichomoza kabla ya saa, mpe dozi ya ziada kama ulivyoelekezwa na uiandike kwenye daftari, ili daktari ajue kama aongeze.

Usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo ni kawaida, na kichefuchefu hupungua baada ya siku chache. Choo kigumu hakipungui. Bila dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, tumbo litajaa, mgonjwa atatapika, na lawama zote zitaiangukia saratani. Ianzeni siku moja na mofini. Papai bivu linasaidia, ila peke yake halitoshi. Mgonjwa akiwa haamshiki na anapumua polepole mno, mpigieni simu mhudumu kabla ya dozi inayofuata, hasa mwenye figo mbovu.

Ngozi inaharibika upesi kwa joto letu la pwani. Juu ya nailoni tandika kanga, uibadilishe kila inapolowa jasho au mkojo. Mgeuze kila saa 2, watu wawili wakimwinua kwa shuka. Kumburuta kunachuna ngozi. Weka mto chini ya miguu ili visigino vielee. Penye wekundu pasisuguliwe wala kupakwa spiriti. Kidonda kinachonuka kioshwe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, kisha muulizeni muuguzi kuhusu vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua bakteria, vinavyosagwa na kunyunyizwa juu yake. Harufu ikiisha, wageni hurudi kukaa karibu.

Ugomvi mkubwa wa nyumba ya mgonjwa ni uji. Mashangazi watasema hamumlishi. Mwili unaofunga kazi hauhitaji chakula, na cha kulazimishwa huingia mapafuni. Akitaka dafu, mkalishe, kidevu kiiname, mpe kijiko kimoja kimoja. Akishindwa kumeza, hata maji ya zamzam yasimiminwe kinywani; mlowanishe midomo kwa kitambaa safi, kisha mpake vaselini.

Siku za mwisho miguu hupoa, pumzi hukatika na kurudi, na koo hukoroma kwa mate asiyoweza kuyameza. Sauti hiyo huwatesa zaidi wanaosikia. Mlaze ubavu. Kwa Waislamu, ubavu wa kulia kuelekea kibla unatimiza yote mawili. Shahada itamkwe taratibu sikioni, bila kelele, kwani huenda bado anasikia. Kwa Wakatoliki, padri aitwe mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuitikia.

Watoto waambiwe "babu amekufa". Ukisema amelala, mtoto anaweza kuogopa kulala. Ukisema amesafiri, atakaa akimngoja. Paka aliyezoea kulala miguuni mwa marehemu naye huweza kuzunguka chumba na kususia chakula. Mwacheni na kanga aliyozoea kulalia kwa muda, na mtoto amlishe, kazi hiyo inawafaa wote wawili.

Aliyekuwa akiuguza ndiye huzidiwa baadaye, tanga likishaanuliwa, hasa msimu wa korosho ambapo kila mtu yuko shambani. Usiku ataamka saa za dawa. Apelekewe mtu wa kulala naye, na asisukumwe kugawa nguo za marehemu.

Mofini iliyobaki irudishwe hospitali ilikotoka. Asipewe jirani mwenye maumivu ya mgongo, hata akiomba vipi.