Jumamosi Tuliyotazama The Killing Fields

Mapema mwaka 1996, habari zilipoenea kwamba Haing S. Ngor ameuawa kwa kupigwa risasi nje ya nyumba yake jijini Los Angeles, mwalimu wetu wa uandishi wa habari hapa Dar es Salaam alituletea darasani kanda ya video ya filamu ya The Killing Fields. Wengi wetu hatukuwa tumemsikia Ngor. Mwalimu alitueleza kwamba alikuwa daktari wa wanawake mjini Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia. Kwamba chini ya Khmer Rouge, wakomunisti walioitawala nchi hiyo tangu 1975 hadi 1979 na kuwaua wasomi wengi, alilazimika kuuficha udaktari wake ili asiuawe, hata mkewe alipofariki mbele yake kwa uchungu wa uzazi. Na kwamba, bila kuwahi kuigiza, mwaka 1985 alitunukiwa tuzo ya Oscar kwa kumwigiza katika filamu hii Dith Pran, mwandishi na mkalimani Mkambodia aliyefanya kazi na Sydney Schanberg wa gazeti la New York Times.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni siku Phnom Penh inapoanguka, tarehe 17 Aprili 1975. Askari wa Khmer Rouge wanawakamata waandishi wa kigeni, Schanberg akiwemo, na Pran, ambaye angeweza kujiendea zake, anang'ang'ania kupanda nao kwenye gari la kivita. Kisha anawaombea maisha: viganja vimekutana kifuani, mgongo umeinama, uso unajilazimisha kutabasamu mbele ya vijana wenye bunduki, anasihi na kusihi mpaka wanaachiwa. Hatukujua neno hata moja la Kikhmer, lakini darasa zima lilielewa. Baadaye, wakiwa wamejihifadhi katika ubalozi wa Ufaransa, wageni wale wanahangaika kumtengenezea pasipoti ya Uingereza. Wanampiga picha, wanaisafisha kwa dawa za kubahatisha, na sura iliyokwisha kutokea inapotea kwenye karatasi. Pran anatolewa nje ya lango, mikononi mwa Khmer Rouge.

Kanda ilipokwisha, wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa mwenzetu wa Ngara, ambaye mwaka 1994 aliwatafsiria waandishi wa kigeni katika kambi ya wakimbizi wa Rwanda ya Benaco.

"Mwalimu, mimi naona Pran amesamehe upesi mno," alisema, akikusudia sehemu ya mwisho, mwaka 1979, Schanberg anapomkuta kambini Thailand na kumwomba radhi kwa kumwacha abaki Kambodia. "Mgeni ana ndege ya kumwondoa. Mwenyeji anabaki na wale waliomwona akifuatana na mgeni."

"Kwa hiyo ulitaka aondoke mapema pamoja na mkewe na watoto?" mwalimu alimuuliza.

"Nilitaka swali la kubaki au kuondoka lisiulizwe na mtu anayemlipa mshahara."

Nilimpinga, na mpaka leo nashikilia nusu ya hoja yangu. Katika filamu ile Pran mwenyewe anasema kwamba naye ni mwandishi. Kwa hiyo kubaki kwake kulikuwa uamuzi wa mtu anayeijua kazi yake na anayeiona nchi yake ikiangamia, na kukuita utiifu kwa bosi ni kumpunguzia hadhi. Niliongeza kwamba Schanberg, alipopewa tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer mwaka 1976, aliipokea kwa niaba yao wote wawili. Mwenzetu alinijibu kwamba wakati huo Pran alikuwa mashambani akidai kwamba zamani alikuwa dereva wa teksi ili asiuawe, na tuzo haikumtoa huko. Juu ya hilo tulikubaliana sote, mwalimu akiwemo.